Mwanafunzi katika maabara ya saikolojia ya jamii: mwongozo kamili wa kutafuta nafasi ya utafiti na kuifanyia kazi

Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode walichapisha utafiti ambao ningependa kila mwanafunzi ausome kabla hajabisha hodi katika maabara yoyote ya saikolojia. Wanafunzi walikabidhiwa panya wa kufundisha kupita katika mzingile. Baadhi yao waliambiwa kwamba panya wao wametokana na kizazi cha panya werevu, na wengine wakaambiwa kwamba wamepewa panya wazito wa kujifunza. Kwa kweli panya wote walikuwa wa asili moja na waligawanywa kwa nasibu. Hata hivyo, panya walioitwa werevu walipata matokeo bora, kwa sababu matarajio ya wanafunzi yalijipenyeza katika namna walivyowashughulikia.

Ikiwa panya waliathirika hivyo, hatari ni kubwa zaidi kwa binadamu, ambaye husoma uso na sauti ya mwenzake bila hata kukusudia. Ndiyo maana mwongozo huu hauishii kwenye namna ya kuandika barua ya maombi. Mwanafunzi anayempokea mshiriki mlangoni, anayemsomea maelekezo na kuyaandika majibu yake ni sehemu ya chombo cha kupimia. Matokeo ya maabara nzima hupitia mikononi mwake kabla hayajamfikia profesa.

Hatua ya kwanza: elewa unakotaka kuingia

Saikolojia ya jamii huchunguza namna mawazo, hisia na matendo ya mtu yanavyoathiriwa na watu wengine, wawe wapo mbele yake au wapo katika fikira zake tu. Gordon Allport aliieleza hivyo mwaka 1954, na maelezo hayo bado yanafaa. Ndani yake mna mada nyingi: ubaguzi na dhana potofu kuhusu makundi, kufuata mkumbo, utii, kusaidiana, ushawishi, mahusiano ya karibu, na jinsi mtu anavyojitathmini kwa kujilinganisha na wenzake.

Maabara yenyewe huwashangaza wengi wanaoiona kwa mara ya kwanza, kwa kuwa haina chupa wala hadubini. Mara nyingi ni vyumba vichache vyenye kompyuta, pengine kimoja chenye kamera au kioo cha upande mmoja, pamoja na meza ya mikutano ambako kazi kubwa ya kufikiri hufanyika. Sehemu nyingine ya utafiti hufanyika kwa hojaji za mtandaoni, na nyingine nje kabisa, mahali watu wanapoishi na kufanya kazi. Anayeongoza ni profesa au mhadhiri, chini yake wapo watafiti waliomaliza shahada ya uzamivu, wanafunzi wa uzamivu na uzamili, meneja wa maabara ikiwa bajeti inaruhusu, kisha wasaidizi wa utafiti walio katika shahada ya kwanza. Jambo ambalo waombaji wengi hawalijui ni kwamba utakayemwona kila wiki huenda asiwe profesa. Kwa kawaida atakayekufundisha kazi ni mwanafunzi wa uzamivu, na tabia yake ndiyo itakayoamua kama mwaka wako utakuwa wa kujifunza au wa kubeba makaratasi.

Nafasi zenyewe ni za aina kadhaa: kujitolea bila malipo, kozi ya utafiti inayohesabiwa katika alama zako, kazi ya malipo kwa saa, programu ya likizo, na mradi wa tasnifu ya mwaka wa mwisho. Ipo pia njia ndogo ambayo watu huidharau, nayo ni kuwa mshiriki. Idara nyingi huwa na utaratibu wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kushiriki katika tafiti. Shiriki katika tafiti tatu au nne za maabara tofauti, kisha mwishoni, utakapoelezwa lengo la utafiti, uliza maswali. Utajua ndani ya saa moja mambo ambayo tovuti ya maabara haiyasemi.

Hatua ya pili: chagua maabara kwa kusoma kazi zake

Chukua makala mbili au tatu za hivi karibuni za kila maabara unayoifikiria, na uanze na sehemu ya mbinu kabla ya matokeo. Jiulize washiriki walifanya nini hasa, dakika kwa dakika. Ikiwa huwezi kueleza hilo kwa maneno yako mwenyewe, soma tena. Sehemu ya mbinu ndiyo picha ya kazi utakayopewa: maabara inayorekodi mazungumzo ya wenza kwa video itahitaji mtu wa kuketi saa nyingi akiainisha kila tendo, ilhali maabara inayotumia hojaji za mtandaoni itahitaji mtu wa kuzipanga na kuzijaribu.

Kisha tazama uaminifu wa maabara katika kazi yake, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko umaarufu wa profesa. Mwaka 2015 kikundi kikubwa cha watafiti kilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimeripoti matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa yametokea kwa bahati tu, lakini zilizorudiwa zilifikia kiwango hicho kwa asilimia 36 tu. Miaka minne kabla yake, mwaka 2011, iligundulika kwamba Diederik Stapel, profesa wa saikolojia ya jamii nchini Uholanzi, alikuwa amebuni data za tafiti nyingi, na baadhi ya data hizo aliwapa wanafunzi wake wa uzamivu akidai kwamba amezikusanya mwenyewe. Waliofichua jambo hilo walikuwa watafiti vijana wa idara yake.

Kutokana na hayo, maabara nyingi sasa husajili mpango wa utafiti kabla ya kukusanya data, huweka data na programu za uchanganuzi mahali ambapo wengine wanaweza kuzikagua, na hueleza matokeo yaliyokwenda kinyume na walivyotarajia. Tafuta dalili hizo katika makala ulizosoma. Angalia pia kama majina ya wanafunzi huonekana miongoni mwa waandishi, na kama wasaidizi waliopita wanaweza kuzungumza nawe. Waandikie wawili. Waulize walifanya nini kila wiki, nani aliwasimamia, na kama waliwahi kuziona data ghafi. Swali hilo la mwisho usiliache.

Hatua ya tatu: andika barua inayoonyesha kwamba umesoma

Wasiliana na maabara wiki nne hadi nane kabla ya muhula kuanza, kwa sababu baada ya hapo ratiba huwa zimekwisha kupangwa. Usitume barua moja kwa maprofesa ishirini. Mpokeaji huitambua tangu mstari wa kwanza. Tatu au nne zilizoandikwa kwa uangalifu zinatosha. Urefu usizidi aya mbili fupi, na uambatanishe wasifu wa ukurasa mmoja pamoja na orodha ya kozi ulizosoma. Mfano huu unaweza kukusaidia kuona mizani inayofaa:

“Profesa, kwa heshima naomba kuuliza kama maabara unayoiongoza itahitaji msaidizi wa utafiti katika muhula ujao. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa saikolojia, na nimemaliza kozi ya mbinu za utafiti na ya takwimu ya kwanza. Nimesoma makala yenu kuhusu jinsi wanakikundi wanavyompima mwenzao mgeni. Nilivutiwa na uamuzi wenu wa kumfanya mgeni atoe ukosoaji uleule katika siku ya kwanza na katika wiki ya tatu, na nikajiuliza kama tofauti ingebaki iwapo ukosoaji huo ungeandikwa badala ya kusemwa ana kwa ana.

Nina saa nane kwa wiki, zikiwemo alasiri za Jumanne na Alhamisi, na ningependa kubaki kwa mihula miwili. Sijawahi kuendesha jaribio, lakini nimejifunza misingi ya R, programu ya takwimu, na niko tayari kuanza na kazi yoyote inayohitajika. Natanguliza shukrani.”

Barua hii inamwambia profesa mambo manne anayotaka kuyajua: umesoma, unafikiri, una muda, na hujidai kujua usichokijua. Suala la muda lina uzito mkubwa. Kumfundisha msaidizi huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo maabara nyingi humpendelea anayeweza kukaa walau mihula miwili, kwa saa sita hadi kumi kwa wiki. Usiahidi saa ambazo huna. Ikiwa siku kumi zimepita bila jibu, andika tena mara moja kwa upole, na baada ya hapo nenda kwingine bila kinyongo. Kimya cha profesa mara nyingi hutokana na wingi wa barua, wala hakipimi uwezo wako.

Hatua ya nne: usaili, ambao nawe una haki ya kuuliza

Usaili huwa mfupi. Utaulizwa kwa nini umechagua maabara hiyo, umewahi kufanya nini kinachohitaji uangalifu na usiri, na ratiba yako ikoje. Jibu kwa mifano halisi, hata kama haihusu saikolojia: aliyewahi kutunza hesabu za chama cha wanafunzi au kumhudumia mteja aliyekasirika ana cha kusema. Nawe uliza nani atakusimamia, kazi gani utaanza nayo na gani itafuata baada ya miezi mitatu, kama unaruhusiwa kuhudhuria mikutano ya maabara, na kama nafasi ina malipo au alama za kozi. Mwanafunzi anayelazimika kufanya kazi ili alipe ada hapaswi kuona haya kuuliza kuhusu malipo. Maabara inayokasirishwa na swali hilo imekwisha kukujibu.

Hatua ya tano: maadili kabla ya mshiriki wa kwanza

Katika jaribio la kwanza alilolichapisha Stanley Milgram, mwaka 1963, washiriki 26 kati ya 40 waliendelea kutii mpaka kiwango cha mwisho cha volti 450, wakiamini kwamba wanampiga mtu mwingine shoti za umeme, na wengi wao walionyesha dalili za wazi za mateso ya moyo. Mwaka 1971 jaribio la gereza la Philip Zimbardo katika chuo cha Stanford, ambamo wanafunzi waliigiza wafungwa na walinzi, lililopangwa kuchukua wiki mbili, lilisitishwa baada ya siku sita. Tafiti hizi, pamoja na kashfa nzito zaidi za tiba, zilichangia mjadala uliozaa kanuni tunazozifuata leo. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 nchini Marekani ilizifupisha katika misingi mitatu: kumheshimu mtu na uamuzi wake, kumtakia mema na kumkinga na madhara, na haki katika kugawa mizigo na faida za utafiti.

Kwa vitendo, utapitia mafunzo ya maadili, kisha jina lako litaongezwa katika kibali kilichotolewa na kamati ya maadili ya utafiti. Usimguse mshiriki wala data zake kabla hilo halijakamilika, hata kama mtu anakuharakisha. Unapomsomea mshiriki fomu ya ridhaa, mwache aisome kwa mwendo wake na umwambie waziwazi kwamba anaweza kuacha wakati wowote bila kupoteza alichoahidiwa. Akionyesha kufadhaika, simamisha kikao na umwite msimamizi. Hakuna data inayostahili kuokolewa kwa gharama hiyo.

Tafiti za saikolojia ya jamii wakati mwingine humficha mshiriki lengo halisi, kwa kuwa anayejua kwamba anapimwa ukarimu huwa mkarimu. Ufiche huo unaruhusiwa pale tu kamati imeukubali na ukweli ukaelezwa mwishoni. Mazungumzo hayo ya mwisho ni kazi ya ustadi. Anza kwa kumuuliza mshiriki alidhani utafiti unahusu nini, kisha kama kuna jambo alilolishuku, ndipo umweleze ukweli na sababu za kumficha. Asiondoke akijiona mjinga. Mwambie kwamba jaribio lilitengenezwa ili mtu yeyote aliamini.

Usiri nao una mtego wake. Washiriki wengi ni wanafunzi wenzako, na utakutana nao darasani. Ukimkuta unayemfahamu katika orodha ya siku hiyo, mwombe msaidizi mwingine amshughulikie, na usizungumze habari za kikao chochote nje ya chumba cha maabara, hata bila kutaja jina.

Hatua ya sita: kazi ya kila siku

Hapa ndipo panya wa Rosenthal wanaporudi. Ukiendesha jaribio utapewa mwongozo wa maneno ya kusema. Ukariri neno kwa neno, kisha uufanyie mazoezi mbele ya mwenzako mpaka usikike kama mazungumzo ya kawaida. Usiongeze utani kwa mshiriki mmoja ukaukosa kwa mwingine. Pale inapowezekana, usijue mshiriki amepangwa katika kundi gani mpaka kikao kiishe. Kompyuta inaweza kugawa kwa nasibu na kukuficha. Kama maabara haijaweka utaratibu huo na unaona unawezekana, upendekeze kwenye mkutano. Pendekezo la namna hiyo lina thamani hata likitoka kwa msaidizi mgeni.

Weka daftari la vikao. Kwa kila mshiriki andika saa aliyofika, chumba, nani aliendesha, na tukio lolote lisilo la kawaida: simu iliyolia, swali lililoonyesha kwamba amelitambua lengo, kompyuta iliyozima katikati. Andika palepale, kwa sababu ukisubiri jioni kumbukumbu itakuwa imeanza kupanga mambo upya. Daftari hilo ndilo litakaloamua nani aondolewe katika uchanganuzi, na uamuzi huo ni lazima ufanywe kabla ya mtu yeyote kuyaona matokeo. Anayeamua baada ya kuyaona hujikuta, bila nia mbaya, akiwaondoa wale wanaomharibia hoja yake.

Kazi nyingine ya kawaida ni kuainisha majibu ya maandishi au video kwa kutumia misimbo, yaani alama zilizokubaliwa za kila aina ya jibu au tendo. Inachosha, lakini ndiyo inayofundisha kutazama. Waainishaji wawili hufanya kazi bila kushauriana, kisha ulinganifu wao hupimwa. Usiridhike na asilimia ya makubaliano peke yake. Chukua waainishaji wawili ambao kila mmoja ameandika “hapana” katika asilimia 90 ya vipande vya video. Kwa bahati tu wangekubaliana katika asilimia 82 ya vipande. Makubaliano halisi yakiwa asilimia 90, kipimo cha kappa alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, ambacho huondoa sehemu ya bahati, kitakuwa 0.44 tu, na kiwango hicho hakiridhishi. Mkitofautiana sana, tatizo mara nyingi limo katika maelezo ya misimbo, hivyo yarekebisheni pamoja na muanze upya na vipande vipya.

Kuhusu data zenyewe, faili ghafi haiguswi. Nakili, kisha fanya marekebisho yote katika nakala kwa programu iliyoandikwa, ili kila hatua iweze kurudiwa na kukaguliwa. Ukikosea, na utakosea, mwambie msimamizi siku hiyohiyo. Kosa lililotajwa mapema huwa mstari mmoja katika ripoti, ilhali kosa lililofichwa huweza kuangusha utafiti wa miaka miwili.

Hatua ya saba: takwimu na zana

R, JASP, jamovi na PsychoPy hupatikana bila malipo. Anza na JASP au jamovi, ambazo ni programu za takwimu, ili uelewe vipimo, kisha hamia R taratibu. PsychoPy hutumika kujenga majaribio ya kompyuta, na G*Power, nayo bila malipo, hukadiria idadi ya washiriki.

Idadi hiyo inastahili kutafakariwa. Ili kuigundua tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika) kati ya makundi mawili, kwa uwezekano wa asilimia 80 na kiwango cha kawaida cha asilimia 5 cha kuona tofauti ambayo haipo, unahitaji watu 64 katika kila kundi. Tofauti ikiwa ni sehemu ya tano ya mkengeuko sanifu, unahitaji 394 katika kila kundi. Athari nyingi za saikolojia ya jamii ni ndogo, kwa hiyo mradi wa tasnifu wenye washiriki 30 kwa jumla mara nyingi hauwezi kujibu swali lake. Kumbuka pia kwamba ukifanya vipimo 20 visivyotegemeana mahali ambapo hakuna tofauti yoyote, uwezekano wa kupata walau kimoja chenye “umuhimu” ni karibu asilimia 64.

Hatua ya nane: swali lako mwenyewe

Baada ya muhula mmoja au miwili, omba kufanya mradi mdogo. Ushauri wangu ni kuanza na kurudia utafiti uliokwisha kuchapishwa, ukiongeza jambo moja tu lililo lako. Utajifunza mbinu nzima, utakuwa na kipimo cha kulinganisha, na matokeo yako yatakuwa na maana yakithibitisha au yakipinga. Andika nadharia tete, idadi ya washiriki, vigezo vya kuwaondoa na uchanganuzi wako, kisha usajili mpango huo kabla ya kuanza. Ikiwa maabara yako haiwezi kupata watu wa kutosha, unganeni na nyingine. Mtandao wa Psychological Science Accelerator, ulioanzishwa mwaka 2017, huziunganisha maabara za nchi nyingi kwa kusudi hilohilo.

Zungumzeni mapema kuhusu majina ya waandishi. Kuendesha vikao peke yake kwa kawaida hupewa shukrani mwishoni mwa makala, ilhali mchango katika wazo, muundo, uchanganuzi au uandishi hustahili jina. Uliza kwa upole, kabla data hazijakusanywa: “Ningehitaji kuchangia nini ili niwe mmoja wa waandishi?” Jibu liandikwe.

Iwapo mambo yataharibika

Ukiona miezi sita imepita nawe bado unapiga chapa majibu tu, mweleze msimamizi unachotaka kujifunza na umpe pendekezo mahususi. Ukiombwa kubadilisha data, kuondoa washiriki bila sababu iliyoandikwa, au kusema umefanya usichofanya, kataa. Tunza nakala za mawasiliano, usichukue data za washiriki, na umwendee mtu wa idara anayeshughulikia uadilifu wa utafiti. Ni jambo gumu kwa mwanafunzi ambaye barua yake ya mapendekezo imo mikononi mwa mtu huyohuyo, na sitaki kulirahisisha. Kwa sababu hiyo ni vyema kufahamika na mhadhiri wa pili tangu mwaka wa kwanza.

Kwa aliye mbali na maabara yoyote, jukwaa la mtandaoni la OSF (Open Science Framework) lina data za tafiti nyingi. Chagua makala moja, pakua data zake, urudie uchanganuzi mpaka upate namba zilezile. Ripoti ya kurasa tatu kuhusu zoezi hilo, ikiambatanishwa na barua ya maombi, itampa profesa jambo halisi la kuzungumza nawe.

Kabla ya kuondoka maabara

Omba barua ya mapendekezo wiki nne kabla ya tarehe ya mwisho, na umpe mwandishi orodha ya kazi ulizofanya pamoja na tarehe zake, kutoka katika daftari lako. Kisha andaa makabidhiano: faili moja inayoeleza kila folda ina nini, misimbo inamaanisha nini, kikao cha mwisho kilikuwa kipi na ni nini hakijakamilika. Futa nakala zote zilizo katika kompyuta yako binafsi, rudisha ufunguo, na uketi saa moja na msaidizi anayekufuata mkiendesha kikao cha majaribio pamoja, yeye akisoma mwongozo na wewe ukiwa mshiriki.